Mwambie aiondoe hiyo kadi

Igombe, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Picha ulizotuma kwenye simu ya mama yako nimeziona, na ile sauti uliyorekodi nimeisikiliza hadi mwisho. Unauliza kama ni utovu wa adabu kumwambia mwenye maonyesho aiondoe kadi aliyoibandika chini ya kazi yako. Si utovu wa adabu hata kidogo. Mwambie aiondoe.

Niliikuza picha nikaisoma hiyo kadi. "Msanii mwenye usonji" kwa herufi nene, kisha jina lako, kisha jina la picha limebanwa chini kabisa ambako hakuna atakayeinama kulisoma. Mtu akishaanza na hayo atatazama nini tena? Atakuonea huruma au atakushangaa, halafu atapita zake. Wale dagaa umewachora mmoja mmoja, kila mmoja na jicho lake, na kuna ambao jicho limejaa mchanga. Upande wa kushoto umeweka waliokwisha kukauka, kulia walioanikwa asubuhi ileile, na hapo katikati rangi inageuka taratibu kutoka maji hadi vumbi. Mimi niliyezaliwa mwaloni ilinibidi niangalie mara ya pili ndipo nikaliona hilo. Kadi haikulisema.

Sisemi ujifiche. Tangu tulipoelezwa pale hospitali ya Bugando kwamba ni usonji hatukukuficha, hata ndugu walipotusukuma tukupeleke kwa mganga. Ninachosema ni kwamba habari hiyo ina watu wake. Anayepanga ukumbi lazima aijue, tena mapema: apunguze spika, akuruhusu uingie kabla watu hawajajaa, asikusimamishe mlangoni kusalimiana na kila mgeni, na maswali ya waandishi uyapate kwa maandishi siku moja kabla. Akijifanya anakufadhili, mkumbushe kwamba kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mnunuzi yeye anahitaji kujua ubao gani, rangi gani, bei gani. Zaidi ya hapo ni hiari yako kumwambia au kunyamaza.

Hapa nyumbani tulifanya hivyo bila kadi. Misumari niligonga ukiwa shuleni, na ukirudi nikashika randa, maana mlio wa randa ulikuwa unaupenda na wa nyundo ulikuwa unakuliza. Vijana wangu walinung'unika, eti fundi gani anajenga mtumbwi kwa ratiba ya mtoto. Mitumbwi ilishuka ziwani kwa wakati wake, ikavua, na wewe ukapata saa zako chini ya mwembe na makopo ya rangi iliyobaki.

Kaka yako alinisomea habari za mama mmoja, Nnena Kalu. Kazaliwa Glasgow mwaka 1966, wazazi wake wametoka Nigeria. Naye ana usonji, na maneno yake ni machache. Kazi yake ni kufunga: anachukua vitambaa, kamba, plastiki, hata utepe wa kanda za video, anazungusha, anakaza, anaongeza tena, mpaka linatokea donge kubwa la rangi linaloning'inia kutoka darini. Angefika huku Mwanza angepata kazi kwa wafunga nyavu wa Kirumba siku hiyohiyo. Desemba 2025 alishinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, pauni 25,000, akiwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa kujifunza kuipata.

Kaka yako alifurahia tuzo. Mimi nilimrudisha kwenye mstari mwingine: kwamba tangu 1999 mama huyo anafanya kazi na karakana ileile London, ActionSpace, ambako kuna watu wa kumwandalia vitu vyake, wanajua anapenda nini na lini wamwache. Zaidi ya miaka 25, Kabula! Huo ndio mtaji. Na michoro yake huifanya miwilimiwili au mitatumitatu, mizunguko juu ya mizunguko, ya pili ikifuatisha ya kwanza, na hakuna wa kumwambia imetosha. Basi anayekuuliza utachora dagaa mpaka lini, mwache aulize.

Mwingine ni Stephen Wiltshire wa London, ambaye naye ana usonji. Mwaka 2005 alizungushwa na helikopta juu ya Tokyo, aliposhuka akauchora mji kutoka kichwani kwenye turubai ya mita 10. Nampa heshima zake. Lakini watu wakishamsikia huyo wanadhani kila mwenye usonji amefichiwa maajabu mahali fulani, na walio hivyo ni wachache. Mtoto wa jirani yetu ana usonji na hachori, haimbi, hapigi ngoma. Anapenda sato wa kuchoma na kukaa peke yake, basi. Naye astahili kuachiwa utulivu wake sawasawa na wewe mwenye picha ukutani. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba Mungu alikunyima hiki akakufidia kile. Najua shangazi yako hupenda kusema hivyo, tena kwa nia njema. Usibishane naye, ndiye anayekupikia.

Je, kichwa chako hakina mchango kwenye kazi? Kinao, tena mkubwa. Pale nilipoona ndoo moja ya dagaa wewe uliona dagaa wenyewe, na ukaweza kukaa nao kutwa bila kuchoka, jambo ambalo mimi siliwezi. Ila mkono haukuzaliwa nao. Rangi ya mafuta ilikuchuruzikia mbao ngapi kabla hujajua isubiriwe ikauke ndipo upake nyingine? Nikisema yote ni usonji nitakuwa nimekunyang'anya jasho lako.

Na yule bwana aliyekuuliza kwa nini hutumii rangi za wasanii, mjibu kwamba mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza hapohapo Dar kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Yule mwingine aliyetaka kuongeza hela "kwa sababu ya hali yako", hapo nagawanyika. Hela ni hela. Lakini ukiipokea leo, kesho atasimulia kwamba alikusaidia, hatasema alinunua. Bora upandishe bei ya picha, alipe hiyo.

Plaiwudi nimekukatia kwa vipimo vyako, na kingo nimezipiga msasa kwa kuwa vibanzi vinakukera. Mzigo nitampa kondakta wa basi la Jumatano. Shangazi aende kuupokea stendi ya Mbezi yeye mwenyewe, wewe usiende, kule makelele ni mengi mno. Bluu ya mitumbwi wiki hii imeadimika mjini, nimechukua kijani kwanza. Kama kijani hukitaki nitumie ujumbe kabla ya Jumanne, mwenye duka amekubali nikirudishe mradi kopo halijafunguliwa.

Baba yako