Risala ya wanafunzi wa usanifu wa ndani kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonesho ya kazi za wanafunzi, Mikindani, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na walimu wetu,
Wazee wa Mikindani mliotufungulia nyumba zenu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kukubali kukaa hapa uani kwa watu badala ya ukumbi wa mjini wenye kiyoyozi. Sisi tunasomea usanifu wa ndani. Mtaani wakisikia hivyo hudhani tunasomea mapazia na dari za jipsamu zenye taa za rangi. Hayo nayo yamo, na pengine ndiyo yatakayotulipia kodi ya nyumba. Leo lakini tumekuja kusemea somo ambalo wengi wetu tulikuwa tunalisinzilia: historia.

Tulilianza kama linavyoanzwa kwingi. Misri, Ugiriki, Roma, majumba ya Italia, kisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Tulikariri, tukaulizwa, tukafaulu. Lakini hakuna kati yetu aliyeweza kueleza kwa nini chumba cha nyumba ya mawe ya pwani yetu ni kirefu na chembamba. Mwalimu alipotutoa darasani na kutuingiza ndani ya nyumba yenyewe, alituambia tutazame juu. Jibu ni boriti. Mti wa mkoko unaoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauvuki mita 3 hivi, na upana wa chumba ukaishia hapo. Mwenye mali alirefusha chumba, hakukipanua.

Kuanzia siku hiyo somo likageuka. Tukaona kwamba vyumba navyo vina adabu zake: baraza ya nje kwa mpita njia, daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, la kungojea, ua, halafu vyumba vinavyofuatana, kila kimoja cha faragha kuliko kilichotangulia, mpaka cha ndani kabisa, ambacho si cha kila mtu. Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka, za kuwekea vyombo. Mpangilio wa namna hii unaonekana hata katika magofu ya Songo Mnara, mkoani Lindi, mji uliostawi karne ya 14 na 15. Sasa mtu akinunua nyumba ya namna hii aifanye ya wageni, jambo la kwanza huvunja ukuta apate mlango wa kutoka barabarani moja kwa moja hadi vyumbani. Hatumkatazi biashara. Tunasema tu kwamba angeijua nyumba, angeweka mapokezi dakani na barazani, ambapo mgeni amekuwa akipokelewa tangu zamani, na asingevunja kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kosa kubwa zaidi liko kwenye lipu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya ndani, na baada ya muda lipu inabanduka pamoja na vipande vya ukuta. Mwenye nyumba anadhani nyumba imezeeka, anamwita fundi aongeze saruji. Tumeona kuta za namna hiyo, na hatuwalaumu mafundi, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Ndiyo maana tunaomba historia isifundishwe kwetu peke yetu. Wenzetu wa uashi na useremala nao wakae darasa hilohilo. Wao ndio wanaoshika mwiko.

Hatudai kila kitu kirudi kama zamani. Mikoko inalindwa, na matumbawe ni makao ya samaki wanaotulisha. Boriti nzuri za nyumba iliyokwisha kuanguka zinaweza kutumika tena, badala ya kuishia jikoni kuwa kuni.

Kubadilisha jengo au kazi yake si jambo la kigeni kwetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza mdogo katika karne ya 11, ukapanuliwa na vizazi vilivyofuata, na sehemu iliyoongezwa ikaezekwa kwa kuba. Gereza, ngome iliyo palepale kisiwani, lina mkono wa Wareno waliofika mwaka 1505 na mkono wa Waomani waliolijenga upya baadaye. Na hapa Mikindani, Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 lilikuwa ofisi ya watawala, likapita mikononi mwa Waingereza, likaachwa likachakaa, kisha likafufuliwa na shirika la Trade Aid kutoka Uingereza kwa kazi ya mikono ya watu wa hapa, likawa hoteli na mahali pa vijana kujifunzia kazi.

Tumejifunza pia kwamba mara nyingi jengo haliuawi na uzee, linauawa na kukosa kazi. Kituo cha reli cha Orsay, Paris, kilifunguliwa mwaka 1900. Kufikia 1939 treni za safari ndefu zilikuwa zimezidi urefu wa majukwaa yake, zikahamia kwingine. Kuta zilikuwa nzima kabisa. Mwaka 1986 kikafunguliwa upya kikiwa makumbusho. Sisi wa Mtwara, tuliojengewa reli kwa ajili ya mradi wa karanga na kuiona ikifungwa miaka ya mwanzo ya 1960, tunalielewa hilo bila kufika Paris.

Kuna jambo moja la sheria linalotutia wasiwasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Maana yake, nyumba ya mfanyabiashara iliyojengwa, tuseme, 1890, mlango wake una ulinzi kuliko vyumba vyake, mpaka itangazwe rasmi kuwa ya kulindwa. Mlango ukibaki peke yake, vyumba vikabomolewa, sisi tutafundishwa nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. La kwanza, utusaidie kupata kibali cha kupima nyumba za zamani za Mikindani, chumba kwa chumba, na nakala za michoro zibaki kwa wenye nyumba na halmashauri. La pili ni lile ghala la zamani la korosho nyuma ya karakana yetu. Tumesikia linapangwa kubomolewa ili kupisha madarasa mapya. Tunaomba madarasa hayo yajengwe ndani yake. Paa lake linavuja upande mmoja, lakini kuta ni imara, tumezipima. Na mchoro wetu, pamoja na makadirio ya gharama, uko mezani kwako chini ya bahasha ya kaki.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa usanifu wa ndani,
Mtwara