Barua kwa Mwanangu: Antena Fupi, Picha Kali

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Umeniuliza setilaiti ya Sentinel-1, iliyo juu kilomita 693 hivi, inawezaje kupiga picha ya bandari usiku, tena mawingu yakiwa yametanda. Hilo ni jepesi: rada hutuma mawimbi yake yenyewe, na wimbi la sentimita 5.5 hupenya mawingu. Kigumu ni ukali wa picha.

Antena yake ina urefu wa mita 12.3. Gawanya urefu wa wimbi kwa urefu wa antena, kisha zidisha kwa umbali wa mshazari hadi ardhini, tuseme kilomita 850; utapata takriban kilomita 3.8, yaani urefu wa eneo linalomulikwa kwa pamoja kufuata njia ya setilaiti. Kwa upande huo, maghala yote ya bandari yangekuwa doa moja.

Mwaka 1951 mhandisi wa Marekani, Carl Wiley, aliona njia. Ghala moja humulikwa muda wote setilaiti inaposafiri kilomita hizo 3.8, na umbali baina yao hubadilika kwa kanuni ya Pythagoras uliyoisoma sekondari. Ukingoni, kilomita 1.9 kutoka katikati, umbali huzidi kwa mita 2.1 tu, lakini kwenda na kurudi ni mita 4.2, ambazo ni zaidi ya urefu wa mawimbi 75. Kwa kuwa mabadiliko hayo yanajulikana, kompyuta huzungusha awamu ya kila mwangwi (mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake) kinyume chake, kisha hujumlisha: miangwi ya ghala lile huimarishana, na ya jirani yake hufutana.

Hivyo safari nzima inakuwa antena moja ya kilomita 3.8. Fuata aljebra yake kwa kalamu, maana kwa macho hutaamini: urefu wa wimbi unafutika, umbali nao unafutika, na kinachobaki, yaani ukubwa wa kitu kidogo kabisa kinachoweza kutofautishwa na jirani yake kwa upande huo, ni nusu ya urefu wa antena halisi, mita 6 hivi. Antena ikiwa fupi, humulika eneo refu zaidi, na picha huwa kali zaidi.

Gharama ipo. Ni lazima pulsi, yaani mpigo mfupi wa mawimbi, itumwe angalau kila baada ya mita 6 za safari, na kwa mwendo wa kilomita 7.5 kwa sekunde hizo ni zaidi ya pulsi 1,200 kila sekunde. Ukiikata antena nusu, pulsi zitakuwa maradufu, muda wa kupokea mwangwi kati yake utapungua, na ukanda unaopigwa picha utakuwa mwembamba. Kokotoa kwa antena ya mita 10, kisha uniandikie umepata nini.

Baba yako