Barua ya Wazi kwa Balozi wa Uholanzi: Tuleteeni Kitabu cha Karafuu kwa Kiswahili

Mheshimiwa Balozi wa Uholanzi, Dar es Salaam,

Assalaam alaykum, na habari za kazi. Mie si mtu mkubwa, nafanya kazi kwenye gesti moja hapa Mji Mkongwe, asubuhi natandika vitanda, mchana nabeba mabegi ya wageni, jioni nakaa mapokezi. Wageni wakiondoka huacha vitu, kandambili, mafuta ya jua nusu chupa, na vitabu, vitabu vingi mno, vyengine vya kijasusi ambavyo ukisoma kurasa tano tu ushajua nani kamuua nani. Mwaka juzi mgeni mmoja wa kwenu akaacha kitabu chembamba cha Kiingereza chini ya mto, nikampigia simu hakupokea, nikasema basi hii riziki yangu, nikaanza kukisoma usiku umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu. Sikufika mbali nshakutana na kisiwa, bahari ya ndani, bustani kongwe za viungo, mikarafuu, watu waliokufa ambao hawajaondoka. Nikafunga kitabu nikatazama jalada mara ya pili, nikidhani labda mtu kaandika habari za kwetu kakosea majina.

Kinaitwa De tienduizend dingen, kwa lugha yetu tuseme Vitu Elfu Kumi, na kaandika bibi anaitwa Maria Dermoût, kikatoka 1955. Labda unamjua, labda humjui. Mie niliwauliza wageni watatu wa Kiholanzi pale mapokezi, mmoja tu ndo akasema jina kalisikia skuli, wawili waliobaki wakaniuliza boti ya saa moja inaondokea wapi.

Bibi huyu hakuzaliwa kwenu. Kazaliwa Pekalongan, kisiwa cha Java, tarehe 15 Juni 1888, wakati Indonesia ni koloni lenu, akakulia kwenye shamba la miwa, akapelekwa Haarlem kusoma, akaolewa 1907 na mwanasheria, wakarudi huko huko makoloni na kazi ya mume ikawa ni kuhamishwa tu, leo Java, kesho Celebes, keshokutwa Ambon kwenye visiwa vya Maluku, kwenye asili ya karafuu duniani. Uholanzi walirudi kukaa 1933. Sasa hapa ndo pananishinda mie: kitabu chake cha kwanza kilitoka 1951, bibi ana miaka 63! Hapa kwetu mtu wa miaka hiyo tushamwambia akae barazani anywe kahawa asubiri wajukuu. Yeye mwanawe wa kiume alishamfia 1945 kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani, mume akafariki 1952, na baada ya hapo ndo akatoa hiki cha karafuu. Nnapokisoma najua kabisa hii si hadithi ya mtu aliyekaa mezani akabuni.

Maana hadithi yenyewe ni ya mama anaitwa Felicia. Mume kamkimbia na vito vyake vya dhahabu, anarudi kisiwani na kitoto mgongoni kwa bibi yake, kwenye bustani iliyokuwa zamani shamba la viungo, na hapo uani kuna kengele inaitwa kengele ya watumwa, inapigwa chombo kikija na chombo kikiondoka. Watumwa hawapo tena, kengele ipo. Bibi ana kabati lake la vitu vya ajabu, makombe ya baharini, vijiwe, vitu vya kuzuia sumu, na kila kimoja kina jina na kisa. Mtoto anakua, anakuwa mwanajeshi, anauliwa kwa mshale kisiwa cha Seram. Watu wanamwambia mama yake kafa vitani, yeye anasema hapana, kauliwa. Basi usiku mmoja kila mwaka anawaondoa watu wote nyumbani anabaki peke yake, anawakumbuka wote waliouliwa pale kisiwani mwaka ule, si mwanawe tu. Sitamaliza kisa chote, ila nakwambia nilikaa nacho wiki mbili na bosi akaniuliza nnaumwa.

Sasa utauliza karafuu na wewe wapi na wapi. Mie Mpemba wa Wete, Mheshimiwa. Nimekulia juu ya mti. Babu alikuwa anachuma mpaka macho yakamshinda, sisi watoto kazi yetu usiku kuchambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, huku, vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata ukioga mara ngapi, asubuhi unaanika kwenye majamvi na ukiona wingu tu nyumba nzima inakimbia, mwenye kula anaacha, mwenye kusali anaharakisha. Nimeona wachumaji wakianguka. Kwa hiyo mtu akiandika mkarafuu mie namjua kama kauona au kasikia. Huyu kauona.

Na skuli tulifundishwa karafuu ni zao letu, tukaimba na kuimba, hakuna mwalimu aliyetwambia zilikotoka. Nimekuja kujua kwa sababu ya kitabu hiki, nilivyokimaliza nikaanza kutafuta kwenye intaneti habari za hiyo Ambon. Kumbe VOC, ile kampuni yenu ya zamani ya biashara ya Mashariki, iliinyang'anya Ambon kwa Wareno 1605. Kumbe 1652 mkamfunga Sultani wa Ternate, kisiwa cha huko huko Maluku, kwa mkataba, alipwe pesa, na mikarafuu yote ikatwe isipokuwa kule mnakotaka nyie, ili dunia nzima inunue kwenu tu. Na mlikuwa na misafara yenu, inaitwa hongi, mitumbwi mikubwa inaitwa kora-kora, mnawashika wenyeji wapige makasia kwa nguvu wende wakakate miti ya majirani zao. Hebu fikiri, mtu kapanda mkarafuu, kaungoja miaka mpaka uzae, halafu anakuja jirani yake mwenyewe kaletwa na shoka. Na sijagusa visiwa vya Banda, mlikowaua watu 1621 kwa ajili ya kungumanga, maana hiyo ni barua nyengine.

Halafu Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, watu wake wakaiba miche wakaifikisha Mauritius 1770, kutoka huko zikashuka mpaka kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said inasimuliwa aliamrisha kila mnazi mmoja upandwe na mikarafuu mitatu. Kwa hiyo mkarafuu wa Pemba ni mtoro, umetoroka kwenu! Nilicheka peke yangu mapokezi siku hiyo, maana hapa kwetu magendo ya karafuu ni kosa la jela, mnunuzi kisheria ni mmoja tu, na ukikutwa na magunia kwenye ngalawa usiku unaelekea Mombasa umekwisha. Na zao lenyewe limekuja kwa magendo. Babu angeijua hii angeisema kila baraza.

Lakini sicheki sana kwa sababu sisi nasi tulifanya yetu. Mashamba hayo yalipandwa na kupaliliwa na watumwa, kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikabaki, na biashara ya utumwa ikapigwa marufuku mwaka uliofuata, watumwa wa mashambani wakangoja mpaka 1897 sheria iwatambue kama watu. Ile kengele ya kwenye kitabu kwetu hatuna, au tunazo na hatuziiti jina lake. Ndo maana nataka watu wangu wakisome. Mfalme wenu pale Amsterdam tarehe 1 Julai 2023 aliomba radhi kwa utumwa, nilimtazama kwenye simu, sawa, vizuri. Mie siombi kuombwa radhi, mie naomba kitabu.

Naomba, Mheshimiwa, ubalozi wako usimamie De tienduizend dingen kitafsiriwe kwa Kiswahili. Kwenu upo mfuko wa fasihi unaolipia tafsiri za vitabu vya Kiholanzi kwenda lugha nyengine, Kiingereza kilikipata tokea 1958, sisi tunaoishi chini ya mti wenyewe hatuna. Na ikiwa mtafanya basi naomba mfanye kweli, isitafsiriwe kutoka Kiingereza ati kwa sababu ni rahisi, atafutwe mtu anayekijua Kiholanzi, wapo Waswahili wamekaa Rotterdam na The Hague miaka, halafu maandishi yapitiwe na mtu wa Pemba anayejua konyo ni nini, kwa sababu kama atapewa mtu aliyesoma tu kamusi ataandika "shina la ua la karafuu" na sisi tutakirusha kitabu dirishani.

Lugha haitasumbua kama mnavyodhani. Yule bibi kaacha maneno ya Kimalei humo ndani, na Kimalei na Kiswahili wamekunywa kisima kimoja: wao wanasema dunia, sisi dunia, wao kabar, sisi habari, wao waktu, sisi wakati, meza yetu wao meja, na hiyo sote tumepewa na Mreno. Hata ngalawa zetu hizi za mbawa mbili, wataalamu wanasema ufundi wake umetoka upande wa huko. Mie nikisoma vyombo vya kule vinavyoingia kwenye ile ghuba ya ndani sihitaji picha, nafungua dirisha tu.

Na jengine, msitupe kitabu kama zawadi ya watakatifu. Maria Dermoût nampenda lakini ni mtoto wa upande wa wenye bunduki, na inaonekana. Watumishi wengi humo wanaingia na sinia wanatoka, na nani aliifanya ile bustani iwe bustani hapaulizwi kwa sauti. Kwa upande mwengine ana sura nzima kaiandika akiwa ndani ya kichwa cha kijana wa Kijava, karani wa profesa mmoja Mskoti anayekusanya mimea, na huyo kijana anavyomtazama mzungu wake, anavyomdharau halafu anampenda bila kutaka, nimeona wazungu wachache sana wanaoweza kuandika hivyo. Na kamchukua yule mzee Rumphius, Mjerumani wa VOC aliyeandika mimea yote ya Ambon, akapofuka 1670, tetemeko la 1674 likamuua mke na binti, akaendelea kuandika hajui rangi ya jani analoliandika, kamfanya ni kama pumzi ya kitabu kizima. Kwa hiyo mambo ni mchanganyiko. Ningependa mbele kuwe na utangulizi, na aandike mtu wa Ambon, si profesa wa chuo cha Leiden huko kwenu, atwambie wao wanamuonaje bibi huyu. Sisi tutajua wenyewe tumuoneje.

Najua watakwambia Waswahili hawasomi, usipoteze pesa. Nakupa ushahidi wangu mmoja. Msimu uliopita nilichukua likizo nikenda Pemba kusaidia kuchambua, usiku tumekaa uani watu kama kumi na mbili, kandili katikati, redio imekufa betri, wakanambia tupe habari za Mjini. Nikasema Mjini hakuna habari, nikawapa hii ya Felicia, nikaisimulia siku tatu, kila usiku naishia pabaya makusudi. Walikuwa wanachambua polepole ili isiishe. Wakabishana kama mume akirudi apokewe, kijana mmoja akasema arudishe dhahabu kwanza. Usiku wa tatu nilipofika kwenye ule usiku wa kuwakumbuka waliouliwa, bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima sana, aliyezika watoto wawili, akasimamisha mikono akaniuliza: na aliyeua naye anakumbukwa usiku huo?

Sikumjibu. Nilimwambia kisome mwenyewe bibi, usiku wa mwisho haufai kusimuliwa. Akacheka akasema nikisome kwa lugha gani mwanangu, wewe umekula peke yako umekuja kutunusisha mikono.

Basi hilo ndo swali ninalokuletea. Vikichapishwa visiletwe vyote hapa Mji Mkongwe kuuzwa kwa dola pamoja na vikapu na sumaku za friji, viende Chake, Wete, Mkoani, maktaba na skuli, bei ya mtu anayelipwa kwa pishi. Na siku ya kukizindua, ukija mwenyewe, usifanyie hotelini, njoo wakati wa kuchambua, jamvi lipo na kahawa ipo, na huyo bibi nitamkalisha mbele. Ila nijibu kabla msimu haujaanza kwa sababu nikishapanda juu ya mti simu naiacha chini.

Wako,
Mchambua karafuu wa Wete, mtu wa mapokezi Mji Mkongwe