Kaka, "a few" ni ngapi?

Kaka, shikamoo. Umenifungia namba, kwa hiyo nakuandikia hapa.

Sina ugomvi na Kiingereza chako. Wewe ndiye uliyenifundisha, tumekaa juu ya marobota ya kanga dukani kwa Baba, kwamba "few" ni chache za kusikitikia na "a few" ni chache za kutia moyo, wakati Kiswahili chetu zote kinaziita chache. Ndiyo maana daktari aliposema Baba amebakiwa na "a few weeks", nilikuandikia neno kwa neno.

Ukakata tiketi ya wiki ya tano. Baba akaondoka siku ya kumi na saba.

Tiketi nilishaisamehe. Usiku ule wa hitma ndio unaonikaba. Vikombe vya kahawa bado viko mkekani, ukatoa simu ukawasomea wajomba kamusi. "A couple" ni mbili, ukasema, "a few" huanzia tatu, na mimi kama nilitaka uwahi ningeandika "a couple". Mama alikuwa nyuma ya pazia, kaka. Alisikia yote.

Usiku ule nilinyamaza, leo nakujibu. Kamusi ilisema "a few" ni idadi ndogo. Hiyo tatu uliiongeza mwenyewe. Waingereza unaoishi nao husema "a couple of days" na siku zikafika tatu, nne. Hata "billion" yao ilikuwa milioni mara milioni, mpaka mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ilipoamua kutumia ile ya Kimarekani, milioni elfu moja. Baba alituzoesha kuuliza: doti ni kanga mbili, korija ni ishirini. Hukuuliza.

Ningeweza kuandika "njoo". Najua. Lakini kuiandika kwa Kiswahili ilikuwa kama kumzika Baba naye bado anakunywa uji mkononi mwangu. Kiingereza kilinisitiri. Na wewe, uliyenibeba mgongoni siku za mvua ili viatu vyangu vya shule visilowe, ulishindwaje kuniona?

Eda ya Mama ni miezi minne na siku kumi. Hiyo haina ubishi. Inaisha Alhamisi ijayo, na kila asubuhi ananiuliza kama umeshapiga simu.

Njoo, kaka.