Barua kwa Mama Neema kuhusu fungu la kumi

Kibirizi, Kigoma

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe sana. Sisi huku wazima. Baba Baraka anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi yao wa Tabora atakuja lini. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe si la kumalizwa kwa simu ya dakika tano, tena vocha ikikatika katikati.

Nianze na hesabu. Unasema umeambiwa fungu la kumi la mfanyabiashara linatolewa kwenye mauzo yote. Mimi sikubaliani na hilo. Chukua mzigo wako mwenyewe. Tuseme umenunua dagaa huku kwa shilingi 400,000. Nauli, ushuru, mifuko na vibarua vikala 60,000. Sokoni Tabora ukauza wote ukapata 560,000. Ukitoa zaka ya mauzo ni 56,000, wakati faida yako yote ni 100,000. Zimebaki 44,000 za chakula, kodi na ada. Hapo huna ujanja, utaingia kwenye mtaji, na baada ya mizigo michache hutakuwa na biashara wala zaka. Kumbukumbu la Torati 14:22 linadai zaka ya maongeo ya shamba, yaani kile Mungu alichoongeza. Mtaji wako ulikwishautolea zaka siku ulipoupata. Na ile sehemu uliyokopa VICOBA, kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ni fedha ya wenzako, utaitoleaje zaka?

Kwa hiyo fungu lako ni 10,000. Lakini dada, hapa uwe mkweli kabisa, maana hapa ndipo wengi tunapopotelea. Faida ni hiyo 100,000, siyo kile kinachobaki baada ya ada ya Neema, kodi ya nyumba, vocha na kitenge cha harusi ya jirani. Hayo ni matumizi, nayo yanatoka kwenye zile 90,000. Hata dagaa unaowachota kwenye gunia kwa ajili ya mboga ya nyumbani, wahesabu, kwa sababu ungewauza wangekuwa fedha. Tukianza kutoa matumizi kwanza, Mungu atafikiwa mwisho, na kila mwezi tutakuta hakuna kitu. Paulo aliwaambia Wakorintho waweke akiba siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Basi mzigo ukiisha, siku hiyo hiyo piga hesabu, weka 10,000 kwenye bahasha, ndipo uanze kulipa wengine.

Swali la pili linahusu miezi ya kukosa. Biashara yetu unaijua inavyokwenda na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawajikusanyi kwenye taa, mitumbwi inakaa ufukweni na chanja za kuanikia zinabaki tupu. Na mwaka 2024 Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, unakumbuka tulivyokuwa. Sasa mtu akuambie unadaiwa zaka ya miezi ile? Pasipo mapato hakuna fungu la kumi, na halilimbikizwi kama kodi ya pango. Usikope kwa mtu ili umlipe Mungu. Wakati ule mama mmoja hapa mwaloni aliendelea kuleta bahasha yake kila Jumapili, ndani shilingi mia tano, pengine mia mbili, alizopata kwa kuuza mchicha. Hakuna mzee wa kanisa aliyemwuliza kwa nini zimepungua. Ziwa lilipofunguliwa bahasha ikanenepa yenyewe.

Nije kwenye lile lililokuumiza. Kusomewa jina mbele ya kanisa, kwenye orodha ya wasiotoa, wakati mama yako amelala hospitali na wewe ndiye unayemuuguza! Nimelia, Mama Neema. Waliofanya hivyo wamekosea, na nalisema hili nikiwa mhazini, mtu ambaye kazi yangu ni kupokea hizo fedha. Paulo anasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Orodha ya kusomwa hadharani ni lazima iliyovishwa joho. Daftari la bahasha ni siri ya mtoaji, mhazini na Mungu.

Ila sikuungi mkono kwenye uamuzi wa kuacha kutoa kabisa. Nikueleze ninachokiona nikiwa upande huu wa meza. Jumapili baada ya ibada tunakaa watu watatu, tunamwaga kikapu. Noti za Kibirizi unazitambua ukiwa umefumba macho, zinanuka dagaa, nyingine zimenata magamba. Pembeni kuna chupa ya mawese, mayai, pengine mkungu wa ndizi, na hivyo vinapigwa mnada nje ya kanisa. Mmoja anasoma namba ya bahasha na kiasi, wa pili anaandika, wa tatu anahesabu upya, kisha tunasaini wote. Kutoka humo anakula mchungaji na wanawe. Humo zinatoka bati za kanisa la mtaa, na nauli ya mwinjilisti anayekwenda vijiji vya kando ya ziwa. Humo pia ndimo kamati ya huruma inamotoa unga wa wajane. Fedha ikikauka, vyote hivyo vinasimama, siyo yule mzee aliyekusomea jina.

Soma Nehemia sura ya 13, mstari wa 10 na kuendelea. Watu walipoacha kuleta, Walawi na waimbaji walikimbilia kila mtu shambani kwake, nyumba ya Mungu ikaachwa. Nehemia akawagombeza wakuu, zaka zikaletwa tena, halafu akaweka watunza hazina waliojulikana kuwa waaminifu. Wahubiri wetu wanapenda sana Malaki sura ya 3, madirisha ya mbinguni, na wapo wanaoigeuza kuwa bahati nasibu: panda elfu kumi uvune milioni. Mimi siwezi kukuahidi hivyo. Nimeona waaminifu wakubwa wakipata hasara, mvua ikawanyeshea dagaa mchangani wakaoza wote. Malaki mwenyewe anasema zaka iletwe ghalani ili chakula kiwemo nyumbani mwa Mungu, na Torati ikaagiza zaka ya mwaka wa tatu iliwe na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mimi natoa kwa sababu hiyo, na kwa sababu ziwa silo langu.

Kuhusu dawa za mama. Umeuliza kama fungu la kumi lingeweza kununua dawa zake. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada, ipo Marko 7. Mama yako ni wajibu wako kwanza, na hakuna mchungaji wa haki atakayekuambia umwache bila dawa upeleke bahasha. Ninavyoona mimi, matunzo yake yatoke kwenye mafungu tisa yanayobaki kwako. Yasipotosha, usijikatie kimyakimya. Waambie wazee wa kanisa wazi kwamba mama anaumwa na wewe umeelemewa. Kanisa linalopokea zaka lina deni kwa mjane mgonjwa, na mama yako ni mjane.

Tena omba taarifa ya mapato na matumizi. Siyo utovu wa adabu. Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu alihakikisha hatembei nao peke yake, asije akalaumiwa, na akasema anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Sisi huku tunasoma taarifa kila robo mwaka, na ubao unabaki ukutani mtu aje na kalamu yake akitaka. Swali lililonitoa jasho kuliko yote liliulizwa na bibi asiyejua kusoma, alitaka kujua mbona fedha za rangi zimelipwa na ukuta bado mchafu. Fundi aliitwa wiki hiyo hiyo.

Nenda kwa wazee ukiwa na Baba Neema, au na yule mama wa kwaya unayemwamini, usiende peke yako na hasira. Mweleze mchungaji habari ya majina. Kisha uniandikie walivyojibu. Wakikukatalia hata taarifa, tutazungumza tena, ninayo ya kusema.

Mzigo wako unapanda treni juma hili, magunia mawili, dagaa waliovuliwa giza hili la mwezi, wakavu kabisa. Yafungue mapema yapate hewa. Msalimie mama sana, mwambie namwombea kila asubuhi.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Mama Baraka