Jicho la kulia limepona, la kushoto ndilo la kukuandikia

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumtuma mjukuu, ili uone mistari ilivyonyooka.

Nimepasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Miaka miwili nilishona kwa kupapasa, nikiilaumu miwani. Taa za magari usiku zilinitawanyikia, na rangi zikanichanganya: bwana mmoja nilimshonea suruali nyeusi kwa uzi wa buluu, akanifuata nayo mpaka mlangoni mwa msikiti! Kumbe lenzi ya jicho ilikuwa imeingia ukungu, kama wazee wengi. Wakanipiga ganzi, wakaitoa, wakapachika ya plastiki. Haikutimia nusu saa. Kesho yake walipobandua kitambaa nikamwona mama yako, kichwa kimejaa mvi. Nikanyamaza.

La kushoto ndilo lililonikosesha usingizi. Wamelikuta na presha ya macho, ile glakoma. Haiumi, haiwashi. Inaua kidogo kidogo mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ikianzia pembeni. Mbele unaona sawasawa, huku bega linagonga miimo ya milango. Kilichokufa hakirudi hata kwa kisu. Matone ninayotia kila usiku ni ya kulinda kilichobaki.

Unamkumbuka babu yako pale barazani, akiwajua watu kwa sauti zao? Tulisema ni uzee. Wengine walisema mengine, unayajua. Leo nadhani ilikuwa hii hii. Inatembea katika ukoo, mama, na sisi watu weusi hutujia mapema. Wewe umeshapita 40. Mdogo wako naye ana sukari, ambayo huharibu vijishipa vya damu nyuma ya jicho, kwa hiyo mburute mwende pamoja.

Msikubali kusomeshwa herufi za ukutani tu. Mwaka ule mimi nilizisoma zote kwenye duka la miwani, nikaambiwa sina neno. Semeni mnataka kupimwa presha ya jicho, na daktari atazame ule mshipa kwa nyuma. Huenda akawatia dawa ya kupanua mboni. Mtaona ukungu saa kadhaa, basi gari liacheni nyumbani.

Ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku. Na Idi ukija niletee uzi mweusi. Nitaukagua mwenyewe.

Baba yako