Risala ya Darasa la Sauti, Malindi, kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kufunga Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mtaa, wazazi na waimbaji wenzetu, assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwa niaba ya kamati na wanafunzi 34 wa darasa letu la sauti, tunakukaribisha Maweni kwa furaha kubwa. Tunafahamu kwamba umeacha shughuli nyingi ili uketi nasi katika chumba hiki cha kukodi, na heshima hiyo hatuichukulii kuwa ndogo.

Mheshimiwa, darasa hili lilianza miaka 6 iliyopita kwa wanafunzi 5, mwalimu wetu aliporudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuimba opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, huko ng'ambo. Wazee waliopo hapa wanamkumbuka akiwa binti mdogo wa soprano katika kwaya ya kanisa. Alisomea muziki Nairobi, kisha Italia, nchi ambayo opera ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 16, akaanzia katika kwaya ya jukwaani, akapewa dhima ndogo, na hatimaye dhima za kuimba peke yake. Kazi hiyo haina mshahara wa mwezi. Mwimbaji hulipwa kwa onyesho, na akiamka sauti imekauka, mwingine huvaa nguo zake na kusimama mahali pake. Ndiyo maana waimbaji wengi wa opera hufundisha sauti wangali jukwaani, na wetu ni miongoni mwao: kila mwaka huondoka kwa wiki chache kwenda kuimba, na malipo ya huko, tunayasema haya bila idhini yake, ndiyo yanayolipa kodi ya chumba hiki.

Kwa muda huo mfupi tumepata mafanikio makubwa. Mwanafunzi wetu mmoja alishika nafasi ya pili katika tamasha la muziki la shule ngazi ya kaunti ndogo, na kamati inaamini kwamba bila homa iliyompata usiku ule angekuwa wa kwanza. Kijana mwingine, mwana wa mvuvi, aliimba kwa Kiitaliano mbele ya wageni wa hoteli, wakamuuliza alizaliwa mji gani wa kwao. Sisi hatukushangaa. Silabi za Kiswahili, kama nyingi za Kiitaliano, huishia kwa irabu safi, na irabu ndiyo inayoibeba sauti. Tena mtoto wa Malindi hukisikia Kiitaliano sokoni na ufukweni tangu hajaanza shule. Wanafunzi wanne wamefaulu mtihani wa kuimba wa gredi ya 3 wa bodi ya mitihani ya muziki ya London, na mtihani huohuo ndio unaotufikisha kwenye haja yetu ya leo, nayo ni piano.

Katika mtihani huo mtahiniwa huja na mpigaji piano wake, wala haruhusiwi kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Sisi tuna kinanda kimoja cha vibonyezo 61, na saba kati ya hivyo havitoi sauti tena kwa sababu ya chumvi ya bahari. Binti yetu mmoja alikutana na piano kamili kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, Mombasa. Alipoanza wimbo alisikia besi ya mkono wa kushoto ambayo kinanda chetu hakijawahi kuitoa, akanyamaza katikati ya mstari. Aliruhusiwa kuanza upya, akapata alama 104, na alama ya kufaulu ni 100. Tulimpigia makofi aliporudi, lakini mwalimu alikwenda kukaa nje peke yake.

Mheshimiwa, kuna jambo zito zaidi ya mtihani. Mazoezi ya sauti hupandishwa nusu toni kwa nusu toni, na kila kibonyezo kinapokosa kulia, mwalimu huiimba noti ile yeye mwenyewe, kwa soprano, alto, tena na besi, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi kila Jumamosi. Mtu akiimba noti ya "la" iliyo juu ya "do" ya katikati ya piano, nyuzi zake za sauti hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Jumapili mwalimu wetu huongea kwa kunong'ona. Mwimbaji wa opera huimba bila kipaza sauti, akishindana na okestra nzima, kwa hiyo sauti hiyo ndiyo mtaji wake, na sisi tunaila kidogo kidogo mahali ambapo piano ingefanya kazi.

Haja hii si ngeni. Mgeni wetu rasmi wa mwaka juzi, Mungu amjalie afya, alituahidi piano kubwa ya mkia, ile ya nyuzi zilizolazwa, nasi tukajenga jukwaa la mbao za mwembe pale pembeni ili isiguse sakafu yenye unyevu. Mgeni wetu wa mwaka jana aliliona jukwaa likiwa tupu, akasikitika kwa dhati, akaahidi kwamba piano ingefika kabla ya mvua za masika. Masika yamekuja na kupita. Jukwaa hilo, Mheshimiwa, ndilo ulilowekewa kiti chako.

Tunaomba ieleweke kwamba piano ya mkia hatukuiomba; tuliahidiwa. Kwa ushauri wa mwalimu, tunachoomba ni piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vizito kama vya piano halisi, pamoja na betri ya kuiendesha umeme unapokatika. Piano ya nyuzi ingeliwa na kutu katika hewa hii, na fundi wa kuirekebisha tungelazimika kumtoa Mombasa kila mara. Kifuniko wazazi wameshakishona, na mmoja wao amejitolea chumba chenye kufuli cha kuihifadhi usiku. Barua ya bei kutoka dukani imo katika bahasha iliyo mbele yako, na kamati iko tayari kuchangia gharama ya usafiri.

Kitabu cha wageni kipo mezani, na ahadi za wageni waliotangulia zimo humo kwa mwandiko wao. Tunakuomba kwa unyenyekevu, kabla hatujakuimbia, uandike katika ukurasa wako kile utakachoweza kutusaidia, hata kikiwa sehemu tu ya bei hiyo, na tarehe ambayo katibu wetu afike ofisini kwako kukifuata.

Naomba kuwasilisha.